Sifa ya Beki

Katika mpira wa miguu, kama katika shughuli nyingi za binadamu, sifa humwendea yule anayekamilisha jambo, wala si yule anayezuia jambo lisiharibike. Mtu akifunga bao, jina lake hutajwa redioni, huimbwa mitaani na huandikwa gazetini kwa herufi kubwa. Mtu akizuia bao, mchezo huendelea tu, na dakika mbili baadaye hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na hatari. Nimelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, na kila nilitafakaripo, jina moja hunijia: Leodegar Tenga, beki wa kati na nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980.

Vijana wa leo wakilisikia jina hilo humkumbuka kiongozi: Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, kuanzia Desemba 2004 hadi Oktoba 2013, ambaye pia aliliongoza baraza la CECAFA na akawa mjumbe wa Kamati ya Utendaji ya CAF. Sisi wazee humkumbuka mchezaji. Wapo wanaozungumza kana kwamba hao ni watu wawili, mmoja wa uwanjani na mwingine wa ofisini. Mimi naona ni mtu mmoja aliyefanya kazi ya aina moja maisha yake yote, nayo ni kazi ya kulinda.

Lazima niseme kwanza kwamba wengi wa rika langu hatukumwona Tenga akicheza Lagos, tulimsikia. Mwaka 1980 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Tulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam, na katika shule za vijijini, ambako mimi nilikuwa mwalimu kijana, redio yenyewe ilitegemea betri ambazo zilikuwa adimu kuliko sukari. Tulizianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya kutufikisha mwisho wa kipindi cha pili. Walimu, wavuvi na wanafunzi wakubwa tulikaa chini ya mti mmoja, hakuna anayekohoa.

Sasa, redio ina tabia moja: hufuata mpira. Mtangazaji hutaja aliyenao, aliyenyang'anya, aliyepiga. Lakini beki mzuri si lazima aguse mpira. Beki mzuri ni yule aliyekwisha kusimama mahali ambapo pasi ilitaka kupita, kwa hiyo pasi haikupigwa. Na mtangazaji, hata awe bingwa wa maneno namna gani, hawezi kutangaza pasi ambayo haikupigwa. Hivyo sehemu kubwa ya kazi ya Tenga na wenzake wa nyuma haikutufikia kabisa pale chini ya mti. Tuliisikia kama ukimya.

Tukumbuke timu ile ilitoka wapi. Nchi ilikuwa imetoka vitani. Majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Tulishinda, lakini ushindi ule ulitugharimu sana. Maduka yalikuwa matupu, na sabuni ilipopatikana iligawanywa kwa vipande. Katika hali hiyo, Agosti 1979, Taifa Stars ikiwa chini ya kocha Joel Bendera ilikutana na Zambia kutafuta nafasi ya kwenda fainali za Afrika. Mjini Dar es Salaam tulishinda bao 1 kwa 0. Kule Ndola tukatoka sare ya 1 kwa 1, na bao letu lilifungwa na Peter Tino.

Bao la Peter Tino linastahili kila sifa lililopewa. Watu wazima walilia kwa ajili yake. Lakini mimi nimefundisha hesabu, na hesabu za mashindano yale zina pande mbili. Katika dakika 180, Zambia, timu iliyokuwa na nguvu kubwa na iliyocheza nusu ya dakika hizo mbele ya watu wake, iliingiza bao moja tu katika lango letu. Kama wangeingiza matatu, bao la Tino lingekuwa kumbukumbu ya huzuni. Hadithi ya Ndola husimuliwa kwa jina la mfungaji mmoja. Ukweli wake ni kwamba mfungaji alipewa na wenzake wa nyuma mchezo ambao bao moja lingeweza kuuamua.

Machi 1980 tukaingia Lagos. Timu zilikuwa 8 tu Afrika nzima, nasi tulipangwa kundi moja na wenyeji Nigeria, Misri na Ivory Coast. Tarehe 8 Machi, katika uwanja wa Surulere, tulifungua mashindano na Nigeria, tukafungwa 3 kwa 1. Misri wakatufunga 2 kwa 1. Tukamaliza kwa sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga dhidi ya Nigeria. Thuwein Ally akafunga katika michezo yote miwili iliyofuata. Tulishika nafasi ya mwisho katika kundi, tukiwa na pointi moja, tukarudi nyumbani.

Ukiyasoma matokeo hayo kama mshabiki utaona kushindwa. Naomba uyasome kama mwalimu anavyosoma daftari la mwanafunzi. Angalia mabao tuliyofungwa: matatu, halafu mawili, halafu moja. Hawa walikuwa vijana ambao hawajawahi kusimama katika fainali za Afrika, wakafunguliwa mlango na timu ngumu kuliko zote, na katika muda wa juma moja tu wakawa wanajifunza. Safu ya ulinzi ndiyo iliyojifunza, kwa kuwa washambuliaji wetu walibaki pale pale, bao moja kila mchezo. Mimi nikiona alama za mwanafunzi zikienda hivyo, simwiti mjinga. Namwambia mzazi: mpe muda.

Lipo jambo jingine la Lagos ambalo halisemwi sana. Nigeria walichukua kombe lile baada ya kuwafunga Algeria 3 kwa 0 katika fainali. Katika michezo yao mitano waliruhusu bao moja tu, nalo ni lile la Juma Mkambi. Na nahodha wao, Christian Chukwu, aliyefariki Aprili 2025, alikuwa beki kama Tenga. Ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano. Kwa hiyo siku ile ya Machi, manahodha wawili waliokutana katikati ya uwanja kurusha shilingi walikuwa wote watu wa nyuma. Mmoja aliondoka na kombe, mwingine na pointi moja. Kazi yao ilikuwa ile ile.

Neno lenyewe, nahodha, sisi watu wa pwani tunalijua kabla ya mpira kufika. Hapa Bagamoyo nahodha ni mwenye chombo baharini. Msafiri mgeni akipanda jahazi hudhani mkubwa wa chombo atakaa omo, mbele, akipasua mawimbi kwa kifua. Sivyo. Nahodha yuko tezi, nyuma kabisa, karibu na usukani, kwa sababu aliye nyuma ndiye aonaye tanga, mabaharia, mzigo na mawingu yote kwa pamoja. Aliye mbele huona maji tu. Ndiyo maana sikuona ajabu kwamba timu ile ilimkabidhi unahodha beki. Beki wa kati huutazama mchezo wote ukiwa mbele ya macho yake. Ndiye anayeweza kumwambia mwenzake, "Rudi," kabla mwenzake hajajua kwa nini arudi.

Tenga alichezea Pan African, timu iliyozaliwa kutokana na mgogoro uliowagawa watu wa Yanga katikati ya miaka ya 1970. Siku zile mpira wetu ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji alikuwa mtu wa kazi au masomo aliyekwenda mazoezini jioni. Hapakuwa na mishahara ya mamilioni, wala mawakala, wala mikataba ya kuuzwa Ulaya. Mtu akistaafu mpira alirudi katika maisha aliyokuwa ameyatayarisha, au aliyoshindwa kuyatayarisha. Tumewaona mashujaa wengi wa enzi ile wakizeeka katika dhiki, majina yao makubwa yakiwa hayawezi kununua hata panadoli. Tenga alikuwa na njia nyingine ya kujitegemea, na baadaye akafika kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirikisho la Viwanda, CTI. Nalitaja hili kwa sababu vijana hudhani maisha ya mchezaji ni miaka kumi ya uwanjani. Hiyo ni nusu tu ya kipindi cha kwanza.

Alipochaguliwa Desemba 2004, mpira wetu ulikuwa umechoshwa na magomvi. Chama cha zamani, FAT, kilijulikana zaidi kwa migogoro na kesi kuliko kwa mechi. Mwaka huo huo chama kilibadilika kuwa TFF. Mtu mwingine angeingia kwa ahadi kubwa kubwa, maana siasa za mpira hupenda mshambuliaji: anayeahidi kombe kesho asubuhi. Tenga alianza kama beki, kwa kupanga mstari wa nyuma: katiba, taratibu, mahesabu, vikao vinavyofanyika kwa wakati wake. Hayo hayashangiliwi na mtu. Lakini penye utulivu, wenye uwezo wa kusaidia hupata pa kuweka mkono. Serikali ya Rais Jakaya Kikwete, mwenyeji wa Msoga upande wa Chalinze, ilikubali kubeba mshahara wa kocha wa timu ya taifa, na mwaka 2006 akaja Marcio Maximo kutoka Brazil. Mwaka 2007 uwanja mpya wa watu 60,000 ukafunguliwa Dar es Salaam, matunda ya uamuzi wa serikali ya Rais Benjamin Mkapa. Mwaka 2009 Taifa Stars ikacheza fainali za kwanza za CHAN kule Ivory Coast, ikawafunga wenyeji 1 kwa 0. Na Desemba 2010 timu ya Bara, Kilimanjaro Stars, ikatwaa Kombe la Chalenji hapa nyumbani kwa kuifunga Ivory Coast waliokuwa waalikwa, 1 kwa 0. Bao la fainali hiyo lilikuwa la penalti, na aliyeipiga alikuwa Shadrack Nsajigwa, ambaye naye alikuwa beki.

Sitaki kuandika kana kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Katika karibu miaka tisa ya uongozi wake, Taifa Stars haikufuzu fainali za Mataifa ya Afrika hata mara moja. Wapo waliosema alikuwa mpole mno na mwenye kwenda polepole, kwamba nchi ilihitaji mtu wa kushambulia. Ni hoja yenye uzito. Kulinda peke yake hakuleti kombe. Timu isiyofunga bao haishindi, hata isipofungwa. Jibu langu ni hili tu: mwulize mtu huyo kama anakumbuka miaka ya kabla yake, wakati mshabiki alisoma habari za mahakamani ili ajue ligi inaendeleaje. Kama amesahau, basi kazi ya beki imefanyika vizuri. Kusahaulika kwa hatari ndiyo alama ya ulinzi.

Na kuna namna alivyoondoka. Mwaka 2013, baada ya vipindi viwili, hakugombea tena. Katika nchi zetu hizi, na hasa katika vyama vya michezo, mtu kuondoka kwenye kiti huku miguu yake ingali na nguvu ni habari. Mchezaji mzuri hujua dakika ya kubadilishwa. Huvua kitambaa cha unahodha akamfunga mwenzake mkononi, akatoka uwanjani bila kupiga teke chupa za maji. Baadaye alipewa kuongoza Baraza la Michezo la Taifa, naye akalishika kwa ukimya ule ule.

Mambo haya nayafikiri zaidi siku hizi kwa sababu nina mjukuu wa miaka kumi na saba anayecheza beki. Jioni maji yanapotoka, vijana wa Bagamoyo hushuka ufukweni upande wa forodha ya zamani, wakachora mistari kwa kisigino katika mchanga mgumu, wakacheza mpaka maji yanapowafukuza. Mjukuu wangu ana kimo na ana subira. Siku moja alikuja akaniamkia, akakaa, akaniambia anataka kumwomba kocha wake amhamishie mbele.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Babu, beki nani anamjua? Wanaokuja kutafuta wachezaji wanamtazama anayefunga. Samatta alifunga, ndiyo maana akafika England."

Hakusema uongo. Mbwana Samatta alikwenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, kisha Aston Villa mwaka 2020, na bao lake la kichwa pale Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City tulilishangilia hata sisi tusioweza kuruka tena. Kijana maskini anapoyaona hayo akataka kuwa Samatta, mzee hana haki ya kumcheka. Kwa kijana kama yeye uamuzi huo una uzito wa maisha: kwake mpira si mchezo tu, ni nauli ya kutoka.

Nilimtajia mabeki waliotoka: Shomari Kapombe aliyekwenda AS Cannes ya Ufaransa mwaka 2013, na Novatus Dismas Miroshi, ambaye anaweza kucheza nyuma na katikati, aliyevaa jezi ya Shakhtar Donetsk ya Ukraine msimu wa 2023/24. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtoto anayekubali ili mzee anyamaze. Basi nikaacha habari za Ulaya, nikamweleza habari za Tenga. Nikamwambia kwamba Lagos walifungwa matatu, mawili, moja. Akauliza, "Na mchezo wa nne?" Nikamjibu kwamba hapakuwa na mchezo wa nne, walirudi nyumbani. Alinyamaza kidogo, akasema, "Wangecheza wa nne wasingefungwa." Sikumwamuru abaki nyuma, maana miguu ni yake. Lakini nilifurahi kwamba ameisoma hesabu ile kama nilivyoisoma mimi.

Mimi ni mtu wa shule. Nilifundisha, nikaongoza shule, na miaka yangu ya mwisho kazini niliitumia chuoni nikiwaandaa walimu. Wakurufunzi wangu walikuja na ndoto ya mshambuliaji: kufaulisha, kutangazwa, kupewa zawadi siku ya wazazi. Niliwaambia kwamba kuna hesabu nyingine isiyoandikwa katika ripoti yoyote. Katika shule za pwani, dagaa wakianza kuonekana, madawati ya wavulana hubaki wazi. Mwalimu mmoja atajaza herufi ya mtoro katika daftari la mahudhurio, basi. Mwingine ataamka alfajiri, aende ufukweni kabla ngalawa hazijatoka, azungumze na baba wa mtoto kwa adabu, amrudishe mtoto darasani. Mwisho wa mwaka, daftari la huyu wa pili litaonyesha nini? Halitaonyesha kitu. Litaonyesha mtoto aliyehudhuria kama wengine. Mkaguzi atapita, atatia sahihi, ataondoka.

Ilichukua miaka 39 Taifa Stars kurudi katika fainali za Afrika. Mwaka 2019 nchini Misri tulifungwa mabao 8 katika michezo mitatu. Kisha Januari 2024 tukawa Ivory Coast. Moroko wakatufunga 3 kwa 0. Tukatoka 1 kwa 1 na Zambia. Na tarehe 24 Januari, mjini Korhogo, tukatoka 0 kwa 0 na Kongo. Sare ile haikutosha, tukawa wa mwisho katika kundi, na magazeti yaliandika kwamba tumeaga mashindano. Ilikuwa kweli. Lakini kwa mara ya kwanza, katika mchezo wa tisa tangu jioni ile ya Surulere, Tanzania ilimaliza mchezo wa fainali za Mataifa ya Afrika bila kufungwa. Kikosi kile kilikuwa na mabeki kama Ibrahim Hamad, anayeitwa Bacca, na Bakari Mwamnyeto, aliyepata kuchezea Coastal Union ya Tanga, mwambao huu huu wa kwetu. Matatu, mawili, moja. Na sifuri ikafuata baada ya miaka 44.

Sikusikia wimbo wowote mtaani usiku ule. Watu walizima televisheni wakaenda kulala. Mjukuu wangu ndiye aliyebaki kitini, akaniuliza kama kalamu yangu iko karibu, kisha akaziandika namba zile nne kwa mfuatano nyuma ya daftari lake la hesabu.